Wasomaji Wauliza: Vigunduzi vya Mionzi na Vipimo vya Vinu vya Nyuklia

Barua za toleo hili zimetoka kwa wanafunzi, mafundi wa vipimo na wabunifu wenye mfano wa kwanza mezani. Tumezipanga kuanzia maabara hadi ndani ya kinu. Swali la kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa makusudi, kwa sababu hatari iliyomo ndani yake imo kwenye vifaa vingi vya wanaoanza.

SWALI: Nimeunda kipimo kwa kutumia mrija wa Geiger wa volti 400. Kwenye chanzo kidogo kinasoma vizuri. Tulipokisogeza karibu na chanzo kikubwa cha ugezi (cha kusahihishia vipimo), namba zilipanda, zikasita, kisha zikashuka hadi sifuri. Je, mrija umeungua? (Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme)

Haujaungua. Mrija huu, ambao Hans Geiger na Walther Müller waliukamilisha mwaka 1928, hautofautishi chembe yenye nishati kubwa na ndogo. Kila chembe inayoingia inafyatua gesi yote kwa mkupuo, na baada ya mfyatuko mrija unakuwa kiziwi kwa muda, kwa kawaida mikrosekunde 100 hadi 200. Huo ndio muda mfu.

Kwenye viwango vya wastani muda mfu unasahihishika. Ukihesabu mapigo m kwa sekunde na muda mfu ukiwa τ, idadi halisi ni n = m ÷ (1 − mτ). Tuseme τ ni mikrosekunde 100. Ukisoma 1,000 kwa sekunde, halisi ni 1,111. Ukisoma 5,000, halisi ni 10,000. Nusu nzima imepotea, na kosa dogo la τ limeshageuka kosa kubwa la n. Ushauri wetu ni kuacha kutumia kanuni hii pale mτ inapopita 0.3.

Usichukue τ kwenye karatasi ya mtengenezaji ukatosheka. Ipime kwenye mzunguko wako mwenyewe kwa vyanzo viwili vinavyokaribiana nguvu: hesabu cha kwanza peke yake, ongeza cha pili bila kukigusa cha kwanza, kisha ondoa cha kwanza ubaki na cha pili. τ ni takriban (m1 + m2 − m12) ÷ (2 × m1 × m2). Kama kila kimoja kinatoa 400 kwa sekunde na vyote pamoja vinatoa 769 badala ya 800, τ ni kama mikrosekunde 97. Kila kipimo kichukue dakika 10, kwa kuwa tofauti unayoitafuta ni mapigo 31 tu kwa sekunde. Kwa dakika 10 kosa la kitakwimu ni karibu asilimia 5. Kwa dakika moja ni asilimia 16.

Mara nyingi kinachorefusha ukiziwi ni uungaji, wala si gesi. Rezista ya anodi (waya wa katikati ya mrija), tuseme ya megaohmu 4.7, inatakiwa ilehemiwe kwenye klipu ya anodi yenyewe. Ukiiacha kwenye bodi na kuvuta mita moja ya kebo hadi kwenye mrija, umeongeza kama pikofaradi 100. Megaohmu 4.7 mara pikofaradi 100 ni mikrosekunde 470 za kujichaji upya, wakati klipu fupi yenye pikofaradi 10 ingekupa 47. Zaidi ya hapo, chaji yote iliyojaa kwenye kebo inamiminika ndani ya mrija kila ukifyatuka, na umri wake unapungua.

Sasa tuje kwenye sifuri yako. Chembe zikiwa nyingi mno, zinaingia kabla volteji ya anodi haijarudi. Kila mfyatuko unakuwa mdogo kuliko uliotangulia, hadi mapigo yote yanashuka chini ya kizingiti cha komparata (saketi inayolinganisha volteji na kiwango ulichoweka). Gesi inawaka mfululizo ndani ya mrija, kihesabu hakioni kitu, na skrini inaandika sifuri mahali ambapo mtu hatakiwi kusimama hata dakika moja. Kifaa cha namna hii kisitoke maabara.

Dawa ni kupima kitu cha pili, yaani mkondo wa wastani unaopita kwenye mrija. Ugavi ukiwa volti 400 na mrija ukiwa unaanza kufyatuka kwenye 300, rezista ya megaohmu 4.7 itapitisha kama mikroampea 21 mrija ukilemewa. Chukua mapigo upande wa anodi, kisha kati ya kathodi na ardhi weka rezista ya kilohmu 100 na kapasita ya mikrofaradi 1 sambamba nayo. Mikroampea 21 zitakupa pale volti 2.1. Komparata ya pili ikiona zaidi ya volti 1, iandike JUU YA KIPIMO, ipige king'ora, na ibaki hivyo hadi mtu aizime kwa mkono. Hata mapigo yakiwa sifuri, mkondo unasema kweli.

Upande wa chini wa skeli nao unahitaji mlinzi. Mrija mdogo kwenye mazingira ya kawaida unatoa kama mapigo 20 kwa dakika. Ukikaa kimya kabisa, ama waya umekatika ama volteji imekufa. Ni ukimya wa muda gani uhesabiwe kuwa hitilafu? Uwezekano wa kutopata hata pigo moja katika sekunde 30 ni takriban 0.000045. Inaonekana ndogo, lakini siku ina vipindi 2,880 vya sekunde 30, kwa hiyo utapata tahadhari ya uongo karibu kila wiki, na baada ya mwezi hakuna atakayeijali. Weka kipindi cha sekunde 60, na tahadhari ya uongo itahitaji zaidi ya miaka 900.

Jambo moja la benchi: volteji ya mrija usiipime kwa mita ya kawaida. Mita yenye ukinzani wa megaohmu 10 inavuta mikroampea 40 kwenye volti 400, na ugavi mdogo unaanguka papo hapo. Utasoma 250, utaipandisha kwa nguvu, na mrija utaumia. Weka gigaohmu 1 mfululizo na mita, kisha zidisha unachosoma kwa 101.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, kinu kilipolipuka kule Chernobyl, vipimo vingi vilivyokuwa mikononi mwa wafanyakazi vilikuwa na ukomo wa mikrorontgeni 1,000 kwa sekunde, yaani rontgeni 3.6 kwa saa. Mwisho wa skeli ukasomwa kama kipimo. Ndiyo maana tunasisitiza komparata ile ya pili, na gharama yake ni sehemu chache tu za elektroniki.

SWALI: Nguvu ya kinu inaanzia karibu na sifuri hadi mamia ya megawati. Ni kigunduzi gani kinaweza kupima yote hayo? (Fundi wa vipimo)

Kwa namna moja ya usomaji, hakuna. Kuanzia kinu kilichozimwa hadi nguvu kamili, wingi wa nyutroni unaongezeka zaidi ya mara bilioni 10. Kwa desturi njia hiyo inagawanywa sehemu tatu zinazopishana, ili kigunduzi kimoja kisiachie usukani kabla kingine hakijaushika.

Chini kabisa tunahesabu pigo moja moja kwa mirija ya trifluoridi ya boroni au kwa chemba za mpasuko (zilizopakwa urani). Kati tunatumia chemba ya ioni (chombo cha gesi kinachokusanya chaji inayozalishwa na mionzi) iliyofidiwa. Ndani yake mna chemba mbili pacha: moja imepakwa boroni na inaona nyutroni pamoja na gama, ya pili haina boroni na inaona gama peke yake. Mkondo wa pili unaondolewa kwenye ule wa kwanza, na kinachobaki ni nyutroni. Hii ni muhimu hasa baada ya kinu kuzimwa, pale gama za mabaki ya mpasuko zinapokuwa bado kali huku nyutroni zimeshuka. Fidia ikizidi, kifaa kitasoma chini kuliko hali halisi. Ikipungua, kitang'ang'ania juu na nguvu itaonekana imegoma kushuka. Kwenye nguvu kubwa gama ni sehemu ndogo ya mkondo, kwa hiyo chemba isiyofidiwa inatosha.

Mbunifu wa leo atapendelea chemba ya mpasuko, kwa sababu moja hiyo hiyo inaweza kusomwa kwa njia tatu. Vipande viwili vya urani-235 iliyopasuka vinagawana zaidi ya MeV 160 (MeV, milioni za elektronivolti, ni kipimo cha nishati; keV ni maelfu), wakati alfa ya urani yenyewe haifiki MeV 5 na gama inaacha kidogo kuliko hata hiyo. Kwa hiyo mwanzoni unahesabu mapigo na kukata yale madogo. Mapigo yakianza kupandana, unaacha kuhesabu na kupima mtikisiko wa mkondo, yaani wastani wa mraba wake baada ya kuchujwa. Mtikisiko huo unafuata wingi wa mapigo mara mraba wa chaji ya kila pigo. Kama pigo la nyutroni lina chaji mara 50 ya lile la gama, kwenye mkondo wa kawaida linailemea gama mara 50, lakini kwenye mraba linailemea mara 2,500. Juu zaidi unasoma mkondo wenyewe.

Ndani ya kiini cha kinu mambo ni mengine. Huko kunakaa vigunduzi visivyohitaji volteji, ambavyo ni waya mwembamba wa rodiamu au vanadiamu ndani ya kihami cha oksidi na ala ya chuma. Rodiamu-103 ikimeza nyutroni inakuwa rodiamu-104, inatoa beta, na elektroni zinazoondoka zinaacha mkondo unaopimika. Shida ni uvivu. Nusu-uhai wa rodiamu-104 (muda wa nusu ya atomu zake kuoza) ni sekunde 42, kwa hiyo nguvu ikibadilika ghafla, baada ya dakika moja ishara imefika kama theluthi mbili tu ya safari. Vanadiamu ni mvivu zaidi, dakika 3.7. Hivi ni vya kuchora ramani ya nguvu ndani ya kiini, wala si vya kuzimia kinu wakati wa dharura. Tena rodiamu inajimaliza yenyewe, maana kila atomu iliyofanya kazi haipo tena. Kama programu yako haihesabu chaji yote iliyokwisha kutoka tangu siku ya kufungwa na kusahihisha wepesi wa kigunduzi, ramani itaanza kudanganya polepole, na udanganyifu wa polepole ndio mgumu kuugundua.

SWALI: Heliamu-3 imekuwa adimu. Naweza kuweka nini badala yake? (Mbunifu wa vifaa vya ukaguzi)

Uhaba ulianza kuuma karibu mwaka 2008, kwa kuwa gesi hii, inayonasa nyutroni ndani ya vigunduzi, inatokana na tritiamu (hidrojeni ya mionzi) inayooza. Kwa vituo vya ukaguzi tumia mirija iliyopakwa boroni-10, au karatasi za floridi ya lithiamu-6 pamoja na sulfidi ya zinki. Boroni-10 ina uwezo wa kunasa nyutroni za polepole wa barni (kipimo cha uwezo huo) 3,840 dhidi ya 5,330 za heliamu-3, lakini hasara kubwa iko kwenye unene: chembe zilizozaliwa ndani ya rangi lazima zitoke kuingia kwenye gesi, kwa hiyo tabaka halipiti mikroni chache, nawe unalazimika kufunga mirija mingi badala ya mmoja. Ukuta wa polyethini wa sentimita kadhaa kuzunguka mirija usiusahau. Bila huo nyutroni za kasi zinapita zao.

SWALI: Chemba yangu ya ioni ya lita moja inasoma vizuri mezani. Ikifungwa kituoni inapanda na kushuka, na king'ora kinalia bila sababu. Wapi nianzie? (Mhandisi wa elektroniki)

Anza kwa kuangalia jinsi ishara yako ilivyo ndogo. Chemba ya hewa ya lita moja kwenye 1 µSv/h (mikrosivati moja kwa saa) inatoa kama femtoampea 9, yaani 9 zikitanguliwa na sifuri 14 baada ya nukta. Volteji ya kukusanyia ioni ni volti 300. Kama kati ya volti hizo na waya wa kukusanyia kuna kihami cha ohmu 10¹⁴, ambacho ni kihami kizuri sana, kinavujisha pikoampea 3, zaidi ya mara 300 ya ishara. Kwa hiyo pete ya ulinzi ni ya lazima. Ni pete ya chuma inayokatiza kihami, ikishikiliwa kwenye volteji ile ile ya waya wa kukusanyia. Tofauti kati ya pete na waya ikiwa milivolti 1, mvujo unaobaki ni sehemu ndogo ya femtoampea, na uvujaji ule wa volti 300 unaishia kwenye pete.

Kisha tazama usafi. Alama ya kidole kwenye kihami inatosha kuharibu yote. Safisha kwa alkoholi ya isopropili, kausha kwa hewa kavu ya uvuguvugu, funga kwa glavu, na ndani weka mfuko wa jeli ya silika wenye kadi inayobadilika rangi. Kipimo kinachopanda asubuhi yenye unyevu na kutulia mchana kinalalamikia maji.

Kebo ndiyo inayofuata. Kebo ya kawaida ikitikiswa na pampu, kihami chake kinasuguana na wavu wa shaba na kuzalisha chaji. Mtetemo unasomeka kama mionzi. Tumia kebo yenye tabaka la grafiti kati ya kihami na wavu, na uifunge kila sentimita 30. Kujua kama ni kebo ni rahisi: zima volteji ya chemba, gonga kebo kwa kidole, tazama namba. Ikiruka, mionzi haihusiki.

Redio za mkononi za wafanyakazi nazo zinaingia. Ala ya kebo ishikwe ardhini kwa mzingo wote wa konekta. Ule mkia wa waya mmoja uliosokotwa ni antena. Kwa kipimo cha mkondo mdogo hivi ardhi iwe moja tu, upande wa amplifaya, la sivyo mkondo wa mitambo utapita ndani ya ala na kujiongeza kwenye ishara.

Kabla hujaita kila kero hitilafu, soma habari ya kituo cha Davis-Besse, Marekani. Miaka kadhaa kabla ya 2002, vichujio vya kipimo cha mionzi ya hewa ndani ya jengo la kinu viliziba tena na tena kwa vumbi la kutu. Vilibadilishwa na kazi ikaendelea. Mwaka 2002 ilibainika kwamba maji yenye asidi ya boriki yalikuwa yamekula kifuniko cha kinu hadi kuacha shimo. Kichujio kinachoziba kuliko kawaida ni kipimo. Weka sensa ya tofauti ya shinikizo pande mbili za kichujio na uhifadhi tarehe ya kila badiliko kwenye kumbukumbu ya kifaa.

SWALI: Kwa kutofautisha aina za gama, nichague fuwele gani? Nataka kugundua uvujaji kwenye jenereta ya mvuke. (Mtafiti)

Kwa kazi hiyo usinunue ubora usiouhitaji. Iodidi ya sodiamu yenye thaliamu, iliyoletwa na Robert Hofstadter mwaka 1948, inaona mstari wa keV 662 wa sesiamu-137 kwa upana wa karibu asilimia 7. Bromidi ya lanthanamu inashuka hadi karibu asilimia 3. Germaniamu safi inazipita zote kwa mbali, lakini inadai kupozwa hadi karibu kelvini 77.

Uvujaji wa jenereta ya mvuke unatafutwa kwa naitrojeni-16. Oksijeni ya maji yanayopita ndani ya kiini ikigongwa na nyutroni ya kasi inageuka naitrojeni-16, yenye nusu-uhai wa sekunde 7.13 na gama ya MeV 6.13. Mvuke safi wa upande wa pili, usiopita kwenye kiini, haupaswi kuwa nayo. Gama hiyo inapenya ukuta wa bomba, kwa hiyo kigunduzi kinafungwa nje ya bomba la mvuke bila kutoboa chochote. Dirisha la nishati liwe takriban MeV 4.5 hadi 7, kwa sababu pamoja na kilele cha 6.13 utapata vilele viwili vya kutoroka (sehemu ya nishati ikiponyoka nje ya fuwele), 5.62 na 5.11, na vyote ni mali yako. Dirisha pana hivi linatoshwa na iodidi ya sodiamu.

Kinachosumbua ni kuteleza kwa ukuzaji. Joto likipanda, mwanga wa fuwele na mrija wa kukuza mwanga vinabadilika, na kilele kinatoka dirishani bila kelele. Ukitumia vigunduzi vya mwanga vya silikoni ni vivyo hivyo: volteji yao ya kuanzia inasogea milivolti 20 hadi 60 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo weka sensa ya joto juu ya kigunduzi chenyewe na urekebishe volteji nayo. Mstari wa keV 1,461 wa potasiamu-40 iliyomo kwenye saruji ni rula ya bure. Kama hauonekani tena mahali pake, kifaa kijitangaze kuwa kina hitilafu. (Kwenye bromidi ya lanthanamu rula hiyo inavurugwa na lanthanamu-138, yenye mstari wake wa keV 1,436.)

Kugeuza mapigo kuwa lita kwa saa ni kazi ya uangalifu. Maji yakichukua sekunde 14 kutoka kwenye tundu hadi kwa kigunduzi, robo tu ya naitrojeni-16 ndiyo inafika. Tundu likiwa mahali pengine, namba inabadilika. Na nguvu ya kinu ikiwa ndogo, naitrojeni-16 inazaliwa kidogo na mvuke unatembea polepole, kwa hiyo skrini iseme HAIPIMIKI badala ya kuandika lita sifuri.

SWALI: Nabuni sensa ya hali ya vali na kina cha maji. Si mionzi, lakini naona inahusu. Nizingatie nini? (Mbunifu)

Inahusu sana, pengine kuliko mengine yote humu. Tarehe 28 Machi 1979 kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka ikakwama wazi. Taa kwenye chumba cha udhibiti ilizima, na waendeshaji wakaelewa kwamba vali imefunga. Taa ile ilionyesha tu kwamba umeme wa kuiamuru vali umekatwa. Maji yalitoka kwa zaidi ya saa mbili. Siku hiyo hiyo joto la kiini lilipopita nyuzi 700 za Farenhaiti, kompyuta iliyosoma vipimajoto ikachapa alama za kuuliza, kwa sababu iliandikiwa kuishia hapo. Waya wa kipimajoto ulikuwa na uwezo wa kupima zaidi. Programu ndiyo iliyouziba mdomo.

Kwa hiyo sensa yako ishike shina la vali lenyewe, kwa swichi mbili tofauti, moja ya WAZI na moja ya IMEFUNGWA. Zote mbili zikiwa kimya vali iko katikati, zote mbili zikisema ndiyo kuna hitilafu. Swichi moja haiwezi kukwambia hayo. Ongeza shahidi wa aina nyingine, kama sensa ya sauti kwenye bomba la kutokea, inayosikia mvuke ukipita. Swichi inaweza kugandana; mvuke unaopita hauachi kuvuma.

Kina cha maji kinapimwa mara nyingi kwa tofauti ya shinikizo kati ya chombo na bomba la rejea linalodhaniwa limejaa maji. Kwenye ajali ya kituo cha Fukushima Daiichi, Japani, Machi 2011, kwenye kinu namba 1, joto lilichemsha maji ya bomba la rejea. Rejea ikipungua, tofauti inapungua, na kipimo kinasoma kwamba chombo kina maji zaidi ya yaliyomo. Mwezi Mei kipimo kilipofanyiwa ugezi upya, ikajulikana maji yako chini mno. Kama unatumia njia hii, weka kipimajoto juu na chini ya bomba la rejea, na kina kisitolewe kama joto hilo limekaribia la kuchemka kwa shinikizo lililopo. Njia tunayoipenda ni jozi za vipimajoto, kimoja kikipashwa moto na kingine hapana. Ndani ya maji tofauti yao ni ndogo, ndani ya mvuke ni kubwa, kwa kuwa mvuke haupokei joto vizuri. Panga jozi nane kwa wima na kila moja inajibu yenyewe kama iko majini.

Ishara ipeleke kwa miliampea 4 hadi 20. Waya ukikatika utasoma 0, ambayo si thamani ya kipimo chochote. Chini ya 3.6 na juu ya 21 vihesabiwe hitilafu.

SWALI: Kamera ya simu iliyozibwa kwa utepe mweusi inaweza kupima mionzi?

Inaona vidoa vya gama, ndiyo, lakini eneo lake ni dogo na inahitaji kasi ya dozi iliyo juu sana ya mazingira ndipo ihesabu kitu cha maana. Ifae kwa somo la darasani. Kwenye kituo, hapana.

SWALI: Mfano wangu umekamilika. Kituo kinasema lazima ufuzu kwanza. Ni majaribio gani, na vitu gani huanguka? (Mwenye karakana ya vipimo)

Kwa vifaa vya usalama mwongozo mkuu ni kiwango cha kimataifa IEC/IEEE 60780-323. Kiini chake ni mpangilio: kifaa kile kile kinazeeshwa kwa joto, kinapigwa mionzi ya maisha yake yote pamoja na ya ajali, kinatikiswa kama tetemeko, kisha kinatiwa kwenye mvuke na shinikizo la ajali, na katika hatua hizo kinatakiwa kiendelee kufanya kazi yake. Usipeleke kifaa kipya kwa kila jaribio; kusudi ni kuona kizee kikipata ajali.

Kinachoanguka kwanza kwa kawaida si kigunduzi. Plastiki ya PTFE, ambayo kila fundi anaipenda kwa uhami wake, inaanza kukatika kwenye takriban grei 1,000 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Badili iwe PEEK au polimidi, na karibu kabisa na kinu tumia kebo yenye kihami cha madini, oksidi ya magnesiamu au alumina. Kebo hiyo inanyonya unyevu ikikatwa, kwa hiyo kata, pasha moto ncha kuanzia mbali kuelekea mdomoni ili kuufukuza unyevu, pima uhami, na zibia papo hapo. Pete za kuzuia mvujo ziwe za EPDM. Zile za mpira wa floro zinahimili kemikali vizuri lakini mionzi inazishinda mapema. Chipu za kawaida nyingi zinaanza kuyumba baada ya makumi au mamia machache ya grei, kwa hiyo amplifaya iondoe nyuma ya ukuta wa saruji, hata kama ni kwa kuvuta makumi ya mita za kebo.

Kama karakana ni ndogo, usianzie kwenye mfumo wa kuzima kinu. Huko njia nne hupigiana kura, mbili zikikubaliana kinu kinazimwa, na kila mstari wa programu unakaguliwa. Anzia kwenye kipimo cha eneo au cha mkononi, ambako IEC 60532 na IEC 60846 zinaeleza mwitikio unaotakiwa. Hakikisha umepima mwitikio wa keV 60 kwa amerisiamu-241 pamoja na keV 662 kwa sesiamu-137. Mrija wa Geiger usio na kichujio unaweza kuzidisha mara kadhaa kwenye keV 60. Bati jembamba la risasi na la stani, lenye nafasi zilizoachwa wazi, linaurudisha kwenye mstari, na upana wa nafasi hizo utaupata kwa kujaribu na kupima upya.